Mgomo wa wahadhiri: Anayepiga kura na anayesubiri Ifo

KILA wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya wanapotoa notisi ya mgomo, macho ya wengi huelekea Nairobi, kwenye afisi za wizara, kumbi za mahakama na barabara zinazofungwa kwa maandamano. Ni nadra mtu kutazama kaskazini mashariki, kilomita mia moja hivi kupita mji wa Garissa, ambako kambi ya wakimbizi ya Ifo imekuwa na walimu na wanafunzi wanaotegemea vyuo hivyo hivyo.

Ifo ndiyo kambi kongwe zaidi ya Dadaab. Ilifunguliwa mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoporomoka na raia wake wakavuka mpaka kwa miguu. Dagahaley na Hagadera zilifuata mwaka 1992. Kambi hizo tatu zilikusudiwa watu 90,000. Kufikia njaa ya mwaka 2011, Dadaab ilikuwa imebeba karibu nusu milioni. Watoto waliozaliwa Ifo wamefanya mitihani ya kitaifa ya Kenya, wakakua, na baadhi yao wakarudi darasani kufundisha walipofundishwa.

Chuo kikuu kilipofika Dadaab mwaka 2012, watu wa aina mbili walikutana katika darasa moja. Mbele alisimama mhadhiri mwenye barua ya ajira, mshahara, marupurupu ya nyumba na kadi ya chama. Mbele yake aliketi mwanafunzi ambaye siku za kawaida ni mwalimu wa shule ya kambi, mwenye watoto wengi kuliko madawati, na ambaye malipo yake hayaitwi mshahara.

Mhadhiri huyo akichoshwa na ahadi za mwajiri, anajua njia ya kupita. Njia hiyo ina hatua zake, na yafaa kuzifahamu, kwa sababu ndizo zinazomtenga na mwanafunzi wake.

Jinsi mgomo unavyoamuliwa

Wafanyakazi wa vyuo vikuu vya umma wamegawanyika katika vyama vitatu. Wahadhiri wako katika UASU, wafanyakazi wa afisi na maabara wako katika KUSU, nao wanaohudumu jikoni, mabwenini na kwenye usafi aghalabu wako katika KUDHEIHA. Mkataba wa pamoja wa kazi, ambao magazeti yamezoea kuuita CBA, hujadiliwa kati ya vyama hivyo na jopo la mabaraza ya vyuo, kisha husajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Leba. Ukishasajiliwa, unawafunga pande zote mbili kama sheria.

UASU ina tawi katika kila chuo. Wanachama hukutana kwenye ukumbi au chini ya miti ya bewa, viongozi wa tawi hueleza mazungumzo yamefika wapi, kisha huulizwa swali moja: tutoke au tusitoke? Mara nyingi jibu hutolewa kwa mikono iliyoinuliwa na nyimbo. Msimamo wa matawi hupelekwa kwa viongozi wa kitaifa, nao ndio hutia sahihi notisi.

Kifungu cha 76 cha Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007 kinaweka masharti ya mgomo unaolindwa. Lazima mzozo uhusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama. Lazima uwe umepelekwa kwa mpatanishi na kushindikana. Na lazima notisi ya maandishi ya siku saba itolewe kwa mwajiri na kwa waziri wa Leba. Mpatanishi ana siku 30. Kifungu hicho hakitaji ni asilimia ngapi ya wanachama wanaopaswa kuunga mkono, na jambo hilo limeachiwa katiba ya chama chenyewe.

Kwingineko kura hiyo hufungwa kwa kamba fupi zaidi. Nchini Uingereza, kura ilipigwa kwa karatasi zinazotumwa kwa posta, na sheria ya mwaka 2016 ilitaka angalau nusu ya wanachama washiriki. Mwaka 2023 chama cha wahadhiri wa huko, UCU, kilishindwa kuendeleza mgomo wake wa kitaifa wa mishahara kwa sababu waliorudisha karatasi hawakufika nusu. Katika jimbo la Ontario nchini Canada, kura ya siri ni lazima kabla ya mgomo.

Mkenya anayeinua mkono kwenye bewa hana bahasha ya posta, lakini haoni mzaha katika anachofanya. Sheria hiyo hiyo inasema mwajiri halazimiki kulipa siku ambazo kazi haikufanywa, hata mgomo uwe halali. Mgomo ukiwa haramu, aliyeshiriki amevunja mkataba wake wa kazi na anaweza kuadhibiwa. Karo za watoto, mkopo wa benki na kodi ya nyumba havijui habari za notisi.

Historia iliyolipwa kwa kufutwa kazi

Haki hiyo haikupatikana kwa urahisi. Chama cha awali cha wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kilipigwa marufuku na serikali ya Rais Daniel arap Moi mwaka 1980. Katibu wake mkuu alikuwa mhadhiri wa sheria, Willy Mutunga, aliyewekwa kizuizini mwaka 1982 na ambaye, baada ya miaka karibu 30, aliapishwa kuwa Jaji Mkuu chini ya Katiba mpya.

Mwaka 1993, mfumo wa vyama vingi ukiwa umerejea, wahadhiri walijaribu tena. Waliomba UASU isajiliwe, serikali ikakataa, nao wakagoma mwezi Novemba. Mgomo huo ulivuta hadi mwaka uliofuata. Haukuwa mgomo wa mishahara hasa, bali wa kudai haki ya kuwa na chama kitakachozungumzia mishahara. Viongozi wake, miongoni mwao Korwa Adar na Kilemi Mwiria, walifutwa kazi.

UASU ilisajiliwa mwaka 2003, baada ya muungano wa NARC kuingia mamlakani. Hapo historia ilifanya mzaha wake. Wahadhiri walipogoma mwezi Oktoba 2006 wakidai mishahara bora, Mwiria, yule yule aliyekuwa katibu wa chama kilichokataliwa, alikuwa waziri msaidizi wa Elimu. Aliyekuwa nje ya lango sasa alikuwa ndani, na swali lilikuwa lile lile.

Katiba ya mwaka 2010 ilimaliza ubishi kuhusu haki yenyewe. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Neno lililotumiwa ni mfanyakazi, wala si raia, na litarejelewa hapa chini.

Deni lisiloisha

Tangu hapo migomo imefuatana. Septemba 2012 wahadhiri waligoma wakati mmoja na walimu wa shule. Januari 2017 walitoka kudai mkataba wa 2013 hadi 2017, ambao muda wake ulikuwa karibu kwisha kabla haujatiwa sahihi. Walikaa nje siku 54, wakapata makubaliano ya Sh10 bilioni, kisha wakagoma tena Julai na Novemba mwaka huo huo kwa kuwa pesa hazikufika zilivyoahidiwa. Mwaka mmoja, migomo mitatu, mkataba mmoja.

Machi 1, 2018 walitoka tena, safari hii wakidai mkataba wa 2017 hadi 2021. Mahakama ilitangaza mgomo huo kuwa haramu mwezi huo wa Machi. Wahadhiri hawakurudi hadi katikati ya Mei.

Anayetaka kuelewa kwa nini migomo hii haiishi asitazame asilimia za nyongeza, ambazo hutangazwa kwa mbwembwe. Atazame tarehe. Mkataba hujadiliwa ukiwa umechelewa, hutiwa sahihi muda wake ukikaribia kwisha, hulipwa kwa awamu baada ya kwisha, na kabla awamu ya mwisho haijalipwa mkataba unaofuata nao umechelewa. Chuo husema kinasubiri Hazina Kuu. Hazina husema inasubiri ushauri wa Tume ya Mishahara, SRC, iliyoundwa chini ya Katiba ya 2010. Mhadhiri hugoma dhidi ya mwajiri ambaye hana pesa, ilhali mwenye pesa si mwajiri wake.

Mwaka 2025 ulitoa mfano ulio wazi kuliko yote. Wahadhiri walianza mgomo Septemba 17, wakidai pamoja na mengine Sh7.9 bilioni za malimbikizo ya mkataba ule ule wa 2017 hadi 2021, miaka minne baada ya muda wake kwisha. Upande wa serikali ulikuwa ukitambua deni la Sh624 milioni pekee. Watu wawili wakitofautiana kuhusu deni kwa kiasi hicho, si hesabu inayowatenganisha. Mgomo ulimalizika Novemba 5, baada ya siku 49, kwa makubaliano kwamba Sh7.9 bilioni zilipwe kwa awamu mbili, ya kwanza Novemba 2025 na ya pili Julai 2026.

Waliomaliza mazungumzo hayo ni viongozi wa vyama, akiwemo katibu mkuu wa UASU Constantine Wasonga, pamoja na maafisa wa wizara. Wanafunzi hawakuwa mezani, na hilo limekuwa hivyo katika kila mgomo.

Garissa, ambako watu hutoroka badala ya kugoma

Katika mkoa wa zamani wa Kaskazini Mashariki, suala la malipo ya mwalimu limefungamana na suala la uhai wake, na mtu hawezi kueleza la kwanza bila la pili.

Chuo Kikuu cha Garissa kilianza mwaka 2011 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha walimu. Alfajiri ya Aprili 2, 2015, magaidi wa Al-Shabaab walikivamia na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifungwa. Kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Miezi michache kabla ya shambulio hilo, Novemba 2014, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera walitolewa garini na kuuawa, na wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Mapema mwaka 2015 mamia ya walimu kutoka maeneo mengine ya nchi walikataa kurudi kaskazini mashariki na wakapiga kambi katika makao makuu ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, jijini Nairobi, wakitaka uhamisho. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe katika Kaunti ya Garissa, TSC iliwaondoa wengi wa walimu wasio wenyeji katika kaunti za eneo hilo.

Hapakuwa na kura hapo wala notisi ya siku saba. Kwa darasa lililobaki bila mwalimu tofauti haikuonekana, lakini kwa sheria ipo kubwa. Aliyegoma anadai kazi yake iwe bora na anakusudia kuirudia. Aliyeondoka Garissa hakuwa akidai chochote kutoka kwa kazi ile isipokuwa kuwa mbali nayo, na hakuna marupurupu ya mazingira magumu yaliyopendekezwa ambayo yangebadilisha hilo.

Pengo hilo ndilo lililoifanya Dadaab kumtegemea zaidi mwalimu asiyeweza kuondoka.

Chuo kikuu pembeni mwa kambi

Chuo Kikuu cha Kenyatta kilifungua bewa lake mjini Dadaab mwaka 2012, kikawapokea wakimbizi na wenyeji pamoja. Mwaka uliofuata ulianza mradi wa elimu ya juu kwa wakimbizi uliojulikana kwa kifupi kama BHER, uliounganisha vyuo vya Kenyatta na Moi vya Kenya, York na British Columbia vya Canada, na shirika la Windle, ambalo limesimamia shule za upili kambini. Serikali ya Canada iligharamia sehemu kubwa.

Mradi ulipangwa kama ngazi: cheti, stashahada, kisha shahada, ili anayelazimika kusimama njiani asiondoke mikono mitupu. Wanafunzi wake wengi walikuwa walimu wa shule za Ifo, Dagahaley, Hagadera na za wenyeji. Kwa hivyo masomo ya ana kwa ana yaliwekwa aghalabu katika likizo za shule, Aprili, Agosti na Desemba, na miezi mingine wakasoma kwa intaneti.

Mpango huo ulikuwa wa busara, na una udhaifu mmoja usioonekana kwenye karatasi. Mwanafunzi wa Nairobi akipoteza wiki kumi kwa mgomo, chuo hubana muhula, huongeza masomo ya Jumamosi na kusogeza mitihani. Mwalimu wa Ifo ana dirisha la wiki chache kwa mwaka. Likifungwa, yeye hurudi kwa watoto wake darasani na dirisha linalofuata liko miezi minne mbele. Tena hawezi kupanda basi kwenda kumtafuta mhadhiri bewani Nairobi, kwa kuwa mkimbizi anayetoka kambini amehitaji kibali cha kusafiri.

Aprili yote ya mwaka 2018 ilipita wahadhiri wa vyuo vya umma vya Kenya wakiwa nje. Na mambo yalivyosadifiana, upande wa pili wa mradi nao ulikuwa barabarani. Machi 5 mwaka huo, siku nne baada ya UASU, wahadhiri wa mkataba na wasaidizi wa ufundishaji wa Chuo Kikuu cha York mjini Toronto, wanachama wa chama kiitwacho CUPE 3903, walianza mgomo wao.

Wa Toronto walikuwa na manung'uniko ambayo mhadhiri wa muda wa Nairobi angeyatambua mara moja. Waliajiriwa kwa mkataba mfupi baada ya mwingine, wakifundisha sehemu kubwa ya masomo ya chuo bila hakika ya mwaka ujao. Mwezi Aprili chuo kilitumia kipengele cha sheria ya Ontario kinachomruhusu mwajiri kupeleka toleo lake moja kwa moja kwa wanachama bila kupitia kwa viongozi. Wanachama wa makundi yote matatu walipiga kura na kulikataa. Mgomo ulidumu siku 143, hadi bunge la Ontario lilipopitisha sheria Julai 25 kuwarudisha kazini.

Kwa hiyo katika majira hayo ya mwaka 2018, wafundishaji wa Nairobi, Eldoret na Toronto, pande mbili za mradi mmoja wa Dadaab, walikuwa nje kwa wakati mmoja, kila upande kwa sheria ya kwao na kura yake. Ifo ilikuwa kwenye ncha ya kamba zote, na hakuna iliyokuwa mkononi mwake.

Neno motisha

Mwalimu mkimbizi wa Ifo hakuwa na kura ya kupiga kwa sababu inayoanza na lugha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamweleza mfanyakazi kuwa mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, kwa upande wake, ilimweka mkimbizi katika masharti yale yale ya kazi yanayowabana wageni wengine, na kibali cha kazi kilikuwa adimu. Mashirika ya misaada yalihitaji walimu, wauguzi, wakalimani na wahamasishaji wa afya kwa maelfu. Suluhu ilikuwa kuwalipa kitu kisichoitwa mshahara. Kikaitwa motisha.

Viwango vya motisha vilipangwa na mashirika kwa kukubaliana wao kwa wao, ili shirika moja lisimnyang'anye jingine wafanyakazi. Mwalimu Mkenya na mwalimu mkimbizi wangeweza kufundisha katika shule moja, darasa kwa darasa, na wa pili akapata sehemu ndogo tu ya malipo ya wa kwanza. Hoja iliyotolewa ni kwamba mkimbizi hupewa chakula, makao na matibabu bure. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wakati mgao ulikuwa kamili. Haikuendelea kuwa na uzito ule ule mgao ulipopunguzwa mara kwa mara, hasa mwaka 2025 baada ya Marekani kukata misaada yake.

Neno lenyewe lina historia ya kushangaza upande wa pili wa Ziwa Victoria. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, wahadhiri wa Uganda walikuwa na posho ya ziada juu ya mshahara wao, nayo ikiitwa motisha. Malimbikizo yake yalipofika miezi kadhaa, chama chao, MUASA, kiliamua kugoma mwishoni mwa Oktoba 2016. Wanafunzi waliingia barabarani kudai kufundishwa, na Novemba 1 Rais Yoweri Museveni akaamuru chuo kifungwe. Kilifunguliwa Januari 2017. Motisha iliyokosekana ilitosha kufunga chuo kikuu kikongwe zaidi Afrika Mashariki.

Makerere, motisha ilikuwa nyongeza, na walioikosa walikuwa na chama cha kuidai. Ifo, motisha ndiyo malipo yote.

Kutokuwa na chama hakuna maana kwamba mwalimu wa kambi hana nguvu yoyote. Anaweza kuacha, na wengi wameacha, wakaenda kwenye shirika linalolipa kidogo zaidi au wakafungua kibanda sokoni. Lakini anayeacha peke yake huacha kimya, na nafasi yake huzibwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi. Hakuna mpatanishi anayeteuliwa wala waziri wa Leba anayepokea barua.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Sheria haikuwa kimya kabisa. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966, unataja katika kifungu cha 15 haki ya mkimbizi kujiunga na vyama vya wafanyakazi, na katika kifungu cha 17 haki ya kufanya kazi ya kulipwa. Katika nchi iliyomtaka mkimbizi akae kambini, vifungu hivyo vilibaki vya kunukuliwa semina.

Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab kabisa. Februari 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha agizo hilo kwa kuwa lilikiuka Katiba. Hukumu hiyo iliokoa kambi, na pia ilikumbusha kwamba Katiba humlinda hata asiye raia.

Sheria mpya ya Wakimbizi ilitiwa sahihi Novemba 2021 na kuanza kutumika mwaka 2022. Kifungu chake cha 28 kinampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi au biashara, na ya kutumia taaluma yake ikiwa vyeti vyake vimetambuliwa na mamlaka husika nchini. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza Dadaab na Kakuma kutoka kambi za misaada hadi makazi ya kawaida yenye huduma za kaunti, ambamo wakimbizi na wenyeji watasoma shule zile zile.

Hapo ndipo stashahada zilizosomewa Dadaab zinapata uzito ambao waliozianza mwaka 2013 hawakuweza kuutegemea. Mwenye cheti cha chuo kikuu cha Kenya ana cheti kinachotambulika Kenya. Akipata kibali na barua ya ajira yenye neno mshahara, anakuwa mfanyakazi kwa maana ya sheria, na kifungu cha 41 kinamhusu kama kinavyomhusu mhadhiri wake.

Lakini kati ya cheti na barua kuna hatua nyingi, na nyingi zina ada, foleni na safari. Kuna pia swali ambalo mipango ya serikali hulipita haraka: shule ya kambi ikikabidhiwa kaunti na TSC, nani atalipa tofauti kati ya motisha na mshahara? Mashirika yamepungukiwa fedha. Hazina Kuu ndiyo ile iliyochukua miaka minne na siku 49 kukubali deni la wahadhiri wenye chama, mawakili na mkataba uliosajiliwa mahakamani.

Walimu wa Ifo hawana mkataba kama huo wa kuwasilisha. Mwaka 2025, wahadhiri wao wa zamani walipokuwa wakihesabu siku za mgomo na kujiandaa kwa mazungumzo ya mkataba wa 2025 hadi 2029, shule za kambi zilikuwa zikihesabu ni walimu wangapi wangebaki na motisha yao baada ya misaada kukatwa.